Kuzungusha Maumbo bila Kulainisha Kingo: Kutoka Nyota za Bendera hadi Ramani za Ufuo wa Bujumbura

Ikisiri

Programu za kuhariri picha huzungusha umbo kwa kukadiria upya rangi za kingo zake. Ukadiriaji huo ni faida katika fotografia, lakini ni hasara katika picha ambazo kila rangi ndani yake ni alama ya kitu mahususi. Makala hii inaeleza namna uzungushaji unavyofanyika ndani ya kompyuta, inaonesha gharama ya kulainisha kingo na gharama ya kutozilainisha, na inatumia mifano miwili ya Burundi: bendera ya taifa na ramani za matumizi ya ardhi kando ya Ziwa Tanganyika. Hoja kuu ni kwamba uchaguzi wa mbinu ya kuzungusha ni sehemu ya ushahidi ambao mshauri wa sera anapaswa kuuomba, kwa kuwa unaweza kubadili hesabu ya ardhi bila mtu yeyote kukusudia.

1.0 Utangulizi

Mchoraji anapoizungusha karatasi mezani, hakuna kinachobadilika juu ya karatasi hiyo. Mstari hubaki mstari, na wino hubaki pale ulipokaukia. Mtumiaji wa kompyuta hudhani kwamba amri ya kuzungusha iliyomo katika programu yake hufanya jambo lilelile. Sivyo. Picha ya pikseli ni jedwali la namba, na jedwali haliwezi kuinamishwa; linaweza tu kujazwa upya. Isipokuwa pembe inapokuwa nyuzi 90 au vigawe vyake, kila amri ya kuzungusha ni amri ya kuunda jedwali jipya kwa kukisia yaliyokuwamo katika lile la zamani.

Kwa mpiga picha wa harusi, makisio hayo hayana madhara. Kwa ofisi inayotazama ramani ya rangi ili kujua ni nyumba zipi zimo ndani ya ukanda uliokatazwa wa ziwa, makisio hayohayo yanaweza kumhamisha mtu kutoka upande mmoja wa sheria hadi upande wa pili.

2.0 Namna programu inavyozungusha

Watu wengi hufikiri kwamba programu huichukua kila pikseli ya zamani na kuipeleka mahali papya. Ingefanya hivyo, picha mpya ingejaa matundu, kwa sababu pikseli nyingine zingeangukia mahali pamoja na sehemu nyingine zisingepata kitu. Kwa hiyo kazi hufanywa kinyumenyume. Kila nafasi ya jedwali jipya huulizwa: wewe umetoka wapi? Jibu hupatikana kwa sini na kosini ya pembe.

Tuchukue nafasi iliyo hatua 10 kulia kwa kitovu, na pembe ya nyuzi 30. Hesabu inasema kwamba nafasi hiyo ilitoka hatua 8.66 kwa mlalo na hatua 5 kwa wima. Hapo ndipo tatizo linapozaliwa, kwa kuwa jedwali la zamani halina safu wima ya 8.66. Lina ya 8 na ya 9 tu.

Programu ina njia mbili za kutoka hapo. Ya kwanza ni kuchanganya: asilimia 34 ya rangi ya safu ya 8 na asilimia 66 ya rangi ya safu ya 9. Ikiwa ya kwanza ni nyeupe na ya pili ni nyeusi, nafasi mpya hupata kijivu ambacho hakikuwamo kabisa katika picha ya awali. Huko ndiko kulainisha kingo. Njia ya pili ni kuchagua: 8.66 iko karibu zaidi na 9, basi rangi ya safu ya 9 inachukuliwa nzima nzima. Mbinu hii huitwa ya jirani wa karibu, na haizai rangi mpya hata moja.

Haifai kuidharau njia ya kwanza. Franklin Crow alipochapisha uchambuzi wake wa tatizo la ngazi katika picha za kompyuta mwaka 1977, kulainisha kingo kulikuwa ukombozi: mistari ya mshazari iliyokuwa ikionekana kama meno ya msumeno ilianza kuonekana kama mistari. Jicho la binadamu hupokea kijivu cha ukingoni na kukitafsiri kuwa ni unyoofu. Lakini mashine inayosoma picha haina jicho hilo. Kwake kijivu ni kijivu.

Wala mbinu ya jirani wa karibu si ya bure. Umbo likizungushwa nyuzi 45, hesabu ya jiometria inaonesha kwamba katika kila pikseli 100 za asili takribani 17 hazichukuliwi kabisa, na nyingine 17 huchukuliwa mara mbili. Eneo kubwa la rangi moja halidhuriki sana, maana jirani hufanana na jirani. Mstari wenye unene wa pikseli moja, kwa mfano mtaro au njia ya miguu katika ramani, unaweza kukatikakatika. Anayesema kwamba kutolainisha ni njia salama daima hajazungusha mstari mwembamba.

3.0 Bendera kama kipimo

Bendera ya Burundi ni kifaa kizuri cha kufundishia jambo hili, pengine kuliko bendera nyingi za ukanda wetu. Uwiano wake wa sasa wa 3 kwa 5 ulithibitishwa mwaka 1982. Ina mistari miwili mipana myeupe inayokatana kutoka pembe hadi pembe, nyekundu juu na chini, kijani kushoto na kulia, na katikati duara jeupe lenye nyota tatu nyekundu za ncha sita, kila moja ikiwa na ukingo wa kijani. Karibu kila ugumu wa kuzungusha umo humo.

Tuanze na mishazari. Mstari utokao pembe hadi pembe hupanda hatua 3 kwa kila hatua 5 za mlalo. Ukichorwa bila kulainishwa, ngazi zake hufuata mpangilio wa kudumu: pikseli mbili, moja, mbili, kisha tena mbili, moja, mbili. Ngazi za namna hiyo zina utaratibu, na kwa umbali wa kawaida hazisumbui. Mbinu ya kuchagua pikseli za mstari kwa hesabu ya namba nzima tupu ilichapishwa na Jack Bresenham wa kampuni ya IBM mwaka 1965, ikikusudiwa mashine za kuchorea, na bado ndiyo msingi wa mistari isiyolainishwa.

Mbunifu asiyejua hilo huchora mkanda wa mlalo kisha huuzungusha. Pembe sahihi ni nyuzi 30.96. Akiandika 31, kosa lake halifiki pikseli moja katika urefu wa pikseli 1000. Akiandika 30 kwa kuwa ni namba ya mviringo, mstari utaikosa kona kwa pikseli 17 hivi. Na hata akipatia pembe, ngazi alizozipata kwa kuzungusha hazitakuwa na mpangilio wa mbili, moja, mbili, kwani kila kosa dogo la kukadiria huingiza ngazi iliyovunjika hapa na pale. Ushauri wetu katika jambo hili ni wa kikavu: usizungushe. Chora mstari kutoka kona hadi kona, uiachie programu kazi ya kuchagua pikseli.

Nyota zina tatizo la kina zaidi. Nyota ya ncha sita ikizungushwa nyuzi 60 katika jiometria ya ubaoni haibadiliki; hurudi juu ya nafsi yake. Katika pikseli haiwezi kurudi. Gridi ya miraba hujirudia kwa nyuzi 90 tu, na sini ya nyuzi 60 ni namba isiyo na mwisho wa desimali, hivyo hakuna ncha ya nyota inayoangukia katikati ya pikseli pale ncha mwenzake ilipokuwa. Mtu akiizungusha nyota moja nyuzi 60 mara sita mfululizo, hatarejea alikoanzia: akitumia ulainishaji atapata nyota yenye ukungu, na akitumia jirani wa karibu atapata nyota iliyotafunwa.

Ukingo wa kijani ndio unaoumia zaidi. Kwa urahisi wa hesabu, tuchukue nyekundu kuwa (255, 0, 0) na kijani kuwa (0, 255, 0). Nusu kwa nusu hutoa (128, 128, 0), rangi ya zeituni iliyochafuka. Upande wa nje, kijani huchanganyika na nyeupe na kufifia. Nyota ndogo yenye ukingo wa pikseli mbili inaweza kubaki bila kijani halisi hata kidogo. Kwenye skrini ya simu pengine hakuna atakayelalamika. Mchapaji wa fulana na vitambaa, ambaye hutenga kila rangi katika skrini yake ya kuchapia, hukwama: pikseli za zeituni si za skrini ya nyekundu wala ya kijani. Hulazimika kuzisafisha kwa mkono, au kuziachia programu izigawe kwa kubahatisha.

4.0 Mbinu nyingine zinazolinda rangi

Kati ya kuchanganya na kuchagua zipo njia za kati ambazo hazijulikani vya kutosha katika vyuo vyetu.

Mwaka 1986 Alan Paeth alieleza njia ya kuzungusha kwa misukumo mitatu. Kwanza kila safu mlalo husukumwa pembeni kwa kiasi kinacholingana na umbali wake kutoka kitovuni, kisha kila safu wima husukumwa juu au chini, kisha safu mlalo husukumwa tena. Misukumo hiyo mitatu, ikipimwa kwa tanjenti ya nusu pembe na sini ya pembe nzima, huwa sawa na mzunguko kamili. Uzuri wake kwa mada yetu ni huu: ikiwa kila msukumo utakadiriwa kwa hatua nzima, hakuna pikseli inayopotea wala inayorudiwa. Kila iliyoingia hutoka, mahali papya. Anayehesabu pikseli za rangi fulani kabla na baada ya kuzungusha hupata jumla ileile hasa. Kingo hutoka na mikwaruzo kidogo kuliko mtu angependa, lakini hesabu ya eneo haiguswi.

Njia nyingine ni kulikuza umbo kwanza, kwa mfano mara nane kwa kila upande, kulizungusha kwa jirani wa karibu, kisha kulipunguza kwa kanuni ya wengi wape: kila kundi la pikseli 64 humpa pikseli mmoja rangi iliyo nyingi zaidi ndani yake. Wachoraji wa michezo ya kompyuta wana mbinu zao za jamii hii, ambazo hukuza kwa kulinda pembe za mchoro kabla ya kuzungusha. Ni ajabu kidogo kwamba waliolitafakari sana suala la kutozalisha rangi bandia ni watengenezaji wa michezo, wala si wachora ramani.

Njia ya tatu ni kuliacha umbo katika hali ya vekta, yaani katika maelezo ya nukta na mistari, hadi dakika ya mwisho. Katika Inkscape nyota ni orodha ya viwianishi, na kuzungusha hubadili viwianishi bila kugusa pikseli yoyote, kwa kuwa bado hazipo. Kulainisha hutokea wakati wa kuonesha au kusafirisha picha, na hapo kunaweza kuzuiwa: faili za SVG zina sifa ya shape-rendering, ambayo ikipewa thamani ya crispEdges huiomba programu itangulize kingo kali.

5.0 Ramani za ufuo

Hapa ndipo suala linapotoka mikononi mwa wabunifu na kuingia ofisini.

Burundi imelala juu ya mpaka wa kanda mbili za mfumo wa viwianishi wa UTM. Mstari wa longitudo ya nyuzi 30 mashariki hupita ndani ya nchi, mashariki kidogo ya Gitega. Bujumbura na ufuo wake wako katika kanda ya 35. Ruyigi, Muyinga na Cankuzo ziko katika kanda ya 36. Anayetaka ramani moja ya nchi nzima lazima auhamishe upande mmoja uingie katika gridi ya upande wa pili, na uhamisho huo, pamoja na badiliko dogo la kipimo, ni mzunguko. Katika latitudo ya Bujumbura kaskazini ya gridi moja hutofautiana na kaskazini ya nyingine kwa nyuzi 0.35 hivi. Ni pembe ndogo ambayo jicho halioni, ila katika urefu wa pikseli 1000 husogeza mambo kwa pikseli 6.

Tuchukue ramani ya matumizi ya ardhi yenye misimbo mitatu: 1 ni maji, 2 ni kinamasi chenye matete, 3 ni makazi. Mchambuzi anauhamisha ufuo kutoka kanda ya 35 hadi ya 36 kwa mbinu ya kuchanganya, kwa kuwa ndiyo inayotoa picha laini. Mahali ambapo nyumba zinapakana na maji, programu huchukua wastani wa 3 na 1. Wastani huo ni 2. Kinamasi kimezaliwa pale ambapo hapakuwa na tete hata moja.

Umbo la kosa hili linadanganya. Pembe ya nyuzi 0.35 husababisha gridi mbili zikutane na kuachana kwa kila pikseli 162 hivi. Kwa picha za Landsat, ambazo pikseli yake ni mita 30, hiyo ni karibu kilomita 5. Kwenye ufuo ulionyooka kaskazini na kusini, kinamasi bandia hujitokeza kama utepe wa mita 30 kwa kilomita mbili na nusu hivi, kinatoweka kwa umbali kama huo, kisha hurudi. Kingekuwa mstari usiokatika, mkaguzi angekishuku. Vipande vinavyokuja na kuondoka hufanana mno na maumbile, hasa katika eneo ambalo delta ya mto Rusizi, kilomita chache tu kutoka mjini, ina vinamasi vya kweli. Kwa kila kilomita 10 za ufuo wa namna hiyo, takwimu za ardhi oevu huongezeka kwa hekta 15, zote za kubuniwa na hesabu.

Ukubwa huo upimwe kwa kipimo cha sheria. Sheria ya Maji ya Burundi ya mwaka 2012 inaweka ukanda wa hifadhi wa mita 150 kando ya Ziwa Tanganyika. Pikseli tano za Landsat ndizo upana wote wa ukanda huo; utepe bandia wa pikseli moja ni sehemu yake ya tano. Picha za Sentinel-2, zenye pikseli za mita 10 katika mikanda yake bora, hupunguza kosa lakini haziliondoi. Na huu si mjadala wa kinadharia. Mafuriko ya Gatumba mwaka 2020 na kupanda kwa maji ya ziwa kulikofuata, hadi serikali kuomba msaada wa kimataifa Aprili 2024, kumefanya swali la nani yuko ndani ya mita ngapi kuwa swali la makazi, la fidia na la kuhamishwa.

Mbinu ya jirani wa karibu huondoa kinamasi bandia kabisa, maana 3 na 1 haziwezi kuzaa 2. Inachoacha ni kosa la mahali: ukingo unaweza kusogea hadi nusu ya pikseli kwa kila mhimili, yaani mita 15 kwa Landsat. Kosa hilo ni la kweli na lazima litajwe, lakini ni kosa linalojulikana kikomo chake na linaloweza kuwekwa katika sentensi moja ya ripoti. Nyumba inayoangukia ndani ya mita 15 za mstari isihukumiwe kwa picha ya setilaiti. Apelekwe mpima ardhi.

Tahadhari moja: data zinazobadilika polepole, kama mwinuko wa ardhi au joto la uso wa maji, huhitaji kuchanganywa. Mita 776 na mita 778 zina wastani wenye maana. Maji na makazi hayana wastani.

6.0 Menyu na maneno yake

Kwa nini basi wachambuzi huchagua vibaya? Kwa maoni yetu, lawama kubwa ni ya menyu. Katika GIMP, orodha ya ukadiriaji ya zana ya kuzungusha huanza na chaguo lenye maana ya “hakuna”, kisha huja la mstari, kisha la kipeo cha tatu, na kuendelea. Mpangilio huo husomeka kama ngazi ya ubora, na mtu mwenye bidii hataki “hakuna”. Photoshop hulitaja jirani wa karibu kwa jina lake, jambo lililo bora, lakini chaguo-msingi lake ni la kulainisha. Kinyume chake, chombo cha GDAL kinachotumiwa chini kwa chini na QGIS huanza na jirani wa karibu asipoambiwa vingine; anayeharibu ramani hapo huwa ameamua mwenyewe kuifanya “bora”.

Mwanafunzi wa Bujumbura huzisoma menyu hizi kwa Kifaransa au Kiingereza, huelezana na wenzake kwa Kirundi au Kiswahili, na maana hupungua njiani. Kamusi zetu za TEHAMA zikitafsiri chaguo hilo kuwa “hakuna”, zitalirithi kosa la menyu. Tunapendelea “jirani wa karibu” kwa mbinu, na “rangi zilezile” kwa matokeo yake, kwa sababu istilahi hiyo inamwambia mtumiaji anachokipata badala ya anachokikosa. Kulainisha nako kuitwe kwa jina linalofichua kazi yake: “kuchanganya kingo”. Neno “laini” lina sifa nzuri mno katika Kiswahili kwa kitu ambacho wakati mwingine huharibu.

Kuna mtego mmoja zaidi. Hata mbinu ikiwa sahihi, zana ya kuteua eneo huwa na ulainishaji wake, na burashi nayo vilevile, penseli haina. Katika GIMP njia ya mkato ni kuigeuza picha iwe ya rangi zilizoorodheshwa kabla ya kuizungusha. Hapo programu hailazimiki kuaminiwa, kwani haiwezi kuandika rangi isiyomo katika orodha.

7.0 Yanayopaswa kuandikwa katika hadidu za rejea

Mshauri wa sera hahitaji kujua sini na kosini. Anahitaji hadidu za rejea zinazomtaka mkandarasi ataje mbinu ya ukadiriaji iliyotumika katika kila uhamisho wa gridi, na idadi ya mara ramani ilivyozungushwa. Ramani iliyozungushwa mara tatu ina makosa ya mara tatu. Pembe zijumlishwe, kisha data asilia izungushwe mara moja tu. Data asilia isiyozungushwa ikabidhiwe pamoja na ramani ya mwisho.

Mkandarasi atoe pia jedwali la idadi ya pikseli za kila msimbo kabla na baada ya uhamisho. Tofauti ndogo ni ya kawaida. Msimbo unaoongezeka hasa mahali ambapo misimbo mingine miwili inapakana ni dalili kwamba kuna wastani uliopita hapo, na ramani irudishwe.

Kwa sasa Burundi inahamisha takwimu zake kutoka mikoa 18 na komyuni 119 kwenda mikoa 5 na komyuni 42 za sheria ya mwaka 2023. Ramani nyingi za zamani zitachanganuliwa, kuzungushwa na kulazwa juu ya mipaka mipya, na kila komyuni katika ramani hizo ni namba. Wastani wa komyuni ya 12 na ya 14 ni komyuni ya 13, ambayo huenda iko upande mwingine wa nchi.